Sentimita Nne

Jumatatu asubuhi nachukua rula ya binti yangu,
ile yenye alama za meno,
nalipima gazeti.
Hoki ya barafu: kurasa tatu na nusu,
ingawa msimu wao umekwisha
na barafu ya uwanja wao imeshayeyushwa.
Goti la mchezaji mmoja wa hoki,
goti tu, na mshono wake:
sentimita thelathini na moja.
Sisi: nne,
chini ya tangazo la matairi.
Nne! Wiki jana zilikuwa sifuri.
Nakata kwa mkasi, nabandika kwenye friji.

Aprili hii Winnipeg bado haijaamua ni majira gani.
Kwenye Mto Mwekundu mapande ya barafu yanasukumana
kama watu wanaogombea mlango mmoja.
Nina simu, orodha ya majina ishirini na sita,
na kiti cha kuazima kutoka klabu ya waogeleaji.
Cheo changu: ofisa habari.
Idara yangu: mimi.

"Bwana Dufresne, ni Oksana Hrycak."
"Tena," anasema.
"Haya, Oksana, habari iko wapi?"
Namwambia: mbili kwa moja, dakika ya themanini na nane,
Lagimodière kapiga kona kwa mguu wa kushoto,
upepo wenyewe ukaupeleka mpira wavuni.
"Hayo ni matokeo. Mimi nauliza habari.
Hakuna aliyelia? Hakuna mwenye pacha?
Hakuna aliyeolewa na mtu wa hoki?"

Nikamtoa Solveig. Nakiri.
Nilimtoa kama mtu atoavyo chombo cha mwisho kabatini
mgeni akishafika mlangoni.
Solveig, beki wetu, anayekanda mikate
tangu saa tisa usiku hadi mazoezi yaanze.
Wakaja na kamera mbili,
wakampiga picha kakumbatia mkate,
unga kwenye nyusi.
Nusu ukurasa!
Wala hawakuandika tulicheza na nani.
Solveig aliitazama ile picha kwa muda.
"Mkate umetoka vizuri," akasema,
akainama kufunga viatu.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemwavyo.
Hawa walicheza Uswidi, wakacheza Ureno,
wakala Krismasi peke yao katika vyumba vya kupanga,
wakarejea kwao ligi ilipozaliwa,
wakatunzwa koti la mvua
na punguzo la bei kwenye duka la miwani.

Na mimi nilikuwa kipa.
Nilivua glavu nikiwa na miaka ishirini na minne
kwa kuwa hakukuwa na ligi, hata ya kunikataa.
Haikuandikwa popote.
Kuna siku nagusa kidole hiki kilichopinda
ili nihakikishe kwamba nilidaka.

Jumapili ilinyesha.
Watu elfu mbili na kidogo,
nusu yao wamejifunika mifuko ya taka,
tukatoka sare, tatu kwa tatu,
bao la mwisho likiingia mwamuzi akiwa na kipenga mdomoni.
Gazeti likaandika: wamefungwa, tatu kwa mbili.

Nilikuwa natafuta maneno ya kulalamika kwa adabu
simu ikalia.
Yeye.
Hajawahi kunipigia.
"Oksana, watu kumi na wanane wamenipigia tangu alfajiri.
Kuna bibi mmoja wa Saint-Boniface
amenitukana kwa Kifaransa, akakata,
akapiga tena kumalizia.
Wanasema matokeo siyo hayo."

Namwacha akohoe.
Kumi na wanane. Wenye hasira. Kwa ajili ya bao.
Nyuma yake nasikia droo ikifunguliwa,
karatasi ikigeuzwa.

"Haya," anasema, "la tatu alifunga nani?
Nitajie jina, herufi kwa herufi."

Navuta kiti cha waogeleaji, nakaa.
Ni jina refu, Bwana Dufresne, namwambia.
Tafuta nafasi.