Kiambishi cha Ahadi

Sera yao ina kurasa arubaini na moja.
Nimeisoma jana usiku Malindi, chumba cha kukodi
nyuma ya soko, feni ikisaga joto lile lile,
nikiwa na kalamu nyekundu na kazi moja tu:
kutafuta kama kampuni imeahidi
kumlipa mtu ujira unaomkimu.

"Inathamini." Nikapigia mstari.
"Inatambua." Mstari.
"Inalenga kuelekea." Hapo niliweka kalamu chini,
nikacheka peke yangu.
Anayeelekea huenda asifike, lakini yumo njiani.
Anayelenga kuelekea
bado yu kitandani, anawazia viatu.

Ukurasa wa thelathini nikakuta -ta-.
Tutaboresha. Tutapitia upya. Tutashirikiana.
Vimetua karatasini kama kunguru wa mji huu,
na hakuna hata kimoja chenye tarehe shingoni.
Nilitafuta -me- hadi saa nane za usiku.
Nikakipata kimoja:
"Tumepata tuzo."

Asubuhi, Gongoni.
Mabwawa ya chumvi ni meupe hata macho yanaomba kivuli.
Thoya Kenga amesimama ndani ya gambuti zilizotoboka,
reki mkononi, weupe umempanda hadi magotini.
Swali la tisa: Je, mshahara wako
unatosheleza mahitaji ya msingi?
Ndiyo. Hapana. Kwa kiasi.
"Msingi upo, dada," akasema.
"Kisichopo ni nyumba."

Tukahesabu, yeye akichora kwa ukucha juu ya chumvi:
unga, madumu sita ya maji, mafuta ya kupimiwa,
mia mbili ya mtihani wa Kadzo
aliyerudishwa nyumbani Jumatatu,
dawa ya nyufa za miguu, nayo yenyewe inawasha.
Na pakiti ya chumvi.
"Wewe? Unanunua chumvi?"
"Ya hapa hapa. Ikishavaa nailoni hainijui."

Mshahara, nilifundishwa, ni neno lililobeba mwezi.
Wake hubeba siku kumi na moja
kisha humtua njiani.
Zilizobaki zimo kwa Mbeyu mwenye duka,
katika daftari lenye picha ya twiga,
na humo ndimo nilimokiona kiambishi kisichodanganya:
Thoya hukopa. Thoya hulipa. Thoya hukopa.
Hu- haina jana wala kesho.
Ni hali ya hewa.

Meneja, Bwana Shekuwe, alinipa soda baridi
na kiti chenye mgongo.
"Tunalipa kima cha chini, cha sheria,"
na hakusema uongo.
Nikamwambia kima hicho hakikimu.
Akatazama dirisha, akashusha pumzi.
"Tungelipa zaidi. Kama mvua isingeyeyusha.
Kama bei ingepanda."
-Nge-, -nge-, -nge-,
mara tatu, kama hodi ya mgeni
anayeomba Mungu asiitikiwe.

Jioni Thoya alinisindikiza hadi barabarani.
"Na wewe, kwa kuniuliza haya, unalipwa ngapi?"
Nikafungua mkataba kwenye simu, nikamsomea:
Mtafiti atalipwa ripoti ikishapokelewa.
"Atalipwa," akarudia,
polepole, kama anayeonja mchuzi
kujua chumvi imekolea au la.
Sikupata la kumjibu.

Sasa nimebaki na kisanduku cha mwisho.
Ahadi ya kampuni: sifuri, nusu, au moja.
Mwongozo wasema toa nusu, ikiwa nia imetajwa.
Nia imetajwa. Nimehesabu, mara kumi na tisa.
Feni imezimika, umeme umekatika,
naandika kwa taa ya simu:
sifuri.
Na penye maelezo, palipoachwa mstari mmoja tu,
pakiti ya chumvi, nusu kilo, kwa mkopo.