Kibati Namba 412

Miaka thelathini na mmoja, Silesia, nyuma ya dirisha la taa:
mkono huu ukitoa taa, huu ukipokea kibati cha shaba.
Kibati kikiwa msumarini, mtu yu chini.
Msumari mtupu: kapanda, yuko bafuni
anamsugua mwenzake mgongo.

Nyuso sikuzijua. Walipanda wote masizi,
macho na meno. Niliwajua kwa kikohozi.

Ewald Gorzolka, 412, mfuga njiwa.
Babu yake alimchimbia Kaiza,
yeye akakichimbia Chama;
makaa yale yale,
kikohozi kile kile.

Februari gesi ikashika moto.
Tulihesabu misumari usiku kucha.
Siku ya tatu njiwa wake bado walizunguka paa,
hakuna wa kuwapigia mluzi.

Mgodi ulipofungwa walikuja na tarumbeta,
wakaorodhesha pampu, reli, vigari,
hata sanamu ya Mtakatifu Barbara ikatiwa sahihi.
Kibati kimoja hakikuonekana.
Wakaandika: kimepotea.

Kiko kwangu, juu ya jiko la gesi.
Wajukuu huuliza mbona sikitoi msumarini.
Kanuni ni kanuni, nawaambia.
Mwenyewe hajapanda.