Makato

Kibanda cha kwanza kilikuwa na feni moja
na msichana wa sare ya kijani, kucha nyekundu,
kiganja nje kabla hatujasimama vizuri.
Bomba la chuma limelala mbele ya Noah yetu
kama mkono wa mtu asiyetaka maneno.

Mume wangu, Ansigari Namtuka,
karani wa chama cha msingi, Masasi, mwaka wa kumi na tisa,
akashusha kioo nusu.
"Shilingi ngapi?"
Si shilingi, nikamwambia. Huku ni metikali.
Akahesabu sarafu mojamoja, akizigeuza
kama anayesaka korosho mbovu kwenye sampuli.

Mtambaswala tulivuka alfajiri,
daraja refu, chini yake Ruvuma imekonda, mchanga kama mbavu.
Bibi yangu aliivuka akija huku kwetu,
mwaka wa njaa au wa vita, hakusema upi.
Alitoka ng'ambo na kaniki mbili, akafika na moja;
nyingine alibaki nayo mpiga kafi.
Mtoto mgongoni ndiye mama yangu.
Risiti hakupewa.

Kibanda cha pili.
Kibanda cha tatu, na mvua.
Ansigari akatoa daftari lile
analoandikia madeni ya salfa,
akaandika: Barabara. Barabara. Barabara,
akikandamiza, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.
"Asubuhi nimelipa, mchana nalipa, barabara ni ileile!
Hela hii inakwenda wapi?"

Msichana wa tatu hakujua Kiswahili.
Ansigari Kireno hajui.
Wakatazamana.
Hasira ikamtelezesha hadi kwenye Kimakua,
lugha ya mama yake, ambayo kazini haitumii,
na msichana akacheka, akajibu kwa Kimakua hichohicho,
kimevutwa kidogo mwishoni:
Baba, imeandikwa kwenye risiti.

Nikageukia dirisha la upande wangu.
Maneno hayo nayajua.
Nayasikia kila Oktoba nikimpelekea chakula ghalani:
foleni, magunia, vumbi,
na Bi Somoe wa Chiungutwa amebana karatasi yake,
kilo mia mbili na kumi, mwanangu, mbona hela ndiyo hii?
Ushuru wa chama, usafiri, ghala, gunia, mfuko wa sijui nini,
na sauti ya mume wangu nyuma ya nondo:
Mama, imeandikwa kwenye risiti. Mwingine!

Ile methali ya mkuki na nguruwe ilinifika kwenye meno.
Nikaitafuna, nikameza.
Likizo ya kwanza tangu harusi
huiharibu kwa methali.

Bomba likainuka.
Barabara, kusema kweli, ilikuwa nzuri,
chai kwenye kikombe haikutikisika.
Akaendesha kimya, redio imezimwa,
mpaka akauambia usukani:
"Yule binti alikuwa anasoma tu kilichoandikwa."
Ndiyo, nikasema.
"Hajui hela inakwenda wapi."
Hajui.

Msimu umefunguliwa.
Jana nilipeleka ugali wa muhogo na kisamvu.
Foleni imefika barabarani, watu wanapiga miluzi,
kwa sababu karani ametoka nyuma ya nondo,
amekaa juu ya gunia kando ya Bi Somoe,
kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari:
hii ya ghala, mama, hii ya gari,
hii ya gunia unalolikalia, hii...

Kidole kikasimama.

"Hii hata mimi sijui."

Mwingine! wakapiga kelele wa nyuma. Mwingine!
Bi Somoe hakuinuka. Alikuwa anamtazama tu.
Nikaweka bakuli chini. Kisamvu kikapoa.