Nahesabu Hadi Kumi

Interogasio ya jiografia, swali la tatu:
ni nini kinachokula vilima vya Kadutu?
Nsimire akaandika: udongo unakimbia nyumba.
Nikachora sifuri. Nyekundu, ya mviringo mzuri.
Nilitaka neno moja, mmomonyoko,
nalo hakuwa nalo.

Ana miaka kumi na mitano. Akitafuta neno
mkono wake hutangulia, hupapasa hewani
kama mtu anayesaka kiberiti umeme ukikatika,
na darasa zima humwashia:
"Kikombe! Kisu! Kifuniko!"
Hukubali lolote, akaketi, ili yaishe.

Mama yake, muuza sambaza pale Nyawera,
alinieleza tumesimama, beseni kichwani:
wamemfungia siku saba za maombi,
shangazi alimkata chini ya ulimi kwa wembe,
"na ulimi ni mzima, mwalimu. Unatembea vizuri.
Maneno ndiyo yanachelewa kufika."

Yanachelewa. Na mimi ni mtu wa kufunga mlango
saa moja na nusu kamili.
Nilikuwa nikisema kwa pumzi moja
fungueni daftari choreni ramani acheni mstari
mito kwa buluu kisha jibuni la pili,
naye hushika la pili tu, akanitazama.
Nikamwita mkaidi. Kwa Kifaransa, ili liume zaidi.

Sasa nasema jambo moja. Naliandika ubaoni. Nachora,
ingawa Ruzizi yangu inafanana na mkia wa panya.
Nikiuliza, nahesabu moyoni hadi kumi,
na Akonkwa wa dawati la nyuma, bingwa wa kudakia,
nimempa kazi: ahesabu nami,
kwa vidole, mdomo umefungwa.
Kumi ni ndefu. Hujui urefu wake
mpaka watoto hamsini na wanane wanyamaze
na mvua ianze kugonga mabati.

Mvua ya juzi ilishuka na jiko la jirani yangu.
Asubuhi nilisimama ukingoni, viatu vimejaa tope,
nikitafuta la kumwambia mzee Rhulinabo.
Mkono wangu ukatangulia.
Udongo unakimbia nyumba.

Buletini zimeshafika kwa direkta; sifuri ile
sijui kama nitaruhusiwa kuifuta.
Leo nimemuuliza tena, mbele ya wote.
Ameinua mkono, anapapasa.
Hakuna anayemwashia.
"Mmo," anasema. "Mmo-mo."
Saba. Nane.
Akonkwa amebakiwa na vidole viwili.