Nepi ya Saa Tisa

Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga.
Haya si ya kale.
Haya ni ya saa tisa na dakika ishirini usiku,
ghorofa ya nane, mjini Rustavi,
na upepo unagonga kioo kama mdai wa kodi.

Malkhazi anaamka kabla ya kilio;
pua imeyatangulia macho.
Natela yuko kazini, kwenye tanuri la mikate,
mikono imezama hadi viwikoni katika unga,
na mikono ya mumewe,
basi, tuseme nayo imezama.

Anawasha taa ndogo. Anabandua gundi za pembeni,
krrr, krrr,
sauti ya kuamsha wafu, sembuse majirani.
Rangi ya leo ni boga.
Jana ilikuwa mchicha, akampigia simu daktari,
daktari akacheka: "Mtoto wa kwanza, siyo?"
Leo imepanda mgongoni, imefika kwenye shingo ya fulana.
Kiumbe cha kilo nane
kimeitoa wapi shehena hii?

Shika vifundo viwili kwa mkono mmoja,
kama unavyomshika kuku wa sokoni,
inua, futa, toka mbele kwenda nyuma.
Mbele kwenda nyuma! Natela ameyabandika ukutani
kwa herufi kubwa, kama onyo la kiwandani.
Pakiti ya vitambaa imebaki na kimoja.
Kimoja hakitoshi. Hakijawahi kutosha.
Malkhazi anavua soksi yake.

Anatandika nepi mpya. Tekle anatazama dari,
anatafakari,
anaikojolea kabla haijafungwa.
Tetri themanini, zimelowa.

Mama yake, Tsiuri, hazitambui nepi hizi.
"Mnamfunga mtoto plastiki kama nyama ya dukani."
Yeye alifunga winda, akafua winda, akachemsha winda
juu ya jiko la mafuta ya taa,
miaka ile umeme ulipokuwa mgeni,
ukija saa moja kwa siku bila kubisha hodi;
na katika saa hiyo alipiga pasi mawinda ishirini,
akishindana na giza.
Aliyaanika roshanini, yakaganda yakawa vibao.
Aliyaingiza ndani yamesimama wima,
akayaegemeza ukutani, yakasubiri kuyeyuka
kama wageni wanaongoja chai.

Na baba yake Malkhazi?
Uani, akirusha dado.
Hakuwahi kuona winda ila lililo safi.

Wapo bado uani, wazee wale na meza ile ile.
Asubuhi Malkhazi atashuka na mfuko kwa ngazi,
maana lifti ya jengo hula sarafu,
na sarafu zimekwisha kwenye nepi.
"Umebeba nini, bwana? Dhahabu?"
"Njooni mnuse."
Watacheka. Mmoja hatacheka; atautazama mfuko,
kisha mikono yake mwenyewe,
kisha atarusha dado, vibaya.

Lakini bado ni usiku.
Nepi ya pili imefungwa, imepinda kidogo upande wa kushoto.
Mafuta kwenye wekundu wa paja. Busu juu ya kitovu,
hilo halikuandikwa ukutani.

Nikwambie jambo, msomaji, usije ukadhani nimekosea:
katika lugha ya watu hawa, mama ni *deda*,
na baba ni *mama*.
Ndivyo ilivyo, tangu zamani, hakuna anayeshangaa.

Sasa Tekle, mkavu, mwepesi, ngumi mdomoni,
anaitoa ngumi na kusema: "Ma-ma."
Pengine ni midomo tu imegusana.
Malkhazi anageuka haraka, anatazama mlangoni,
kuona kama baba yake ameingia.

Hakuna mtu.
Ipo soksi tu, sakafuni,
na mguu wake mmoja unaopata baridi.