Saa za Kuloweka Mchele

Bi Mize kaingia ofisini mwavuli ungali unachuruzika,
akauliza kabla salamu haijaisha:
"Hiyo Toronto, kutoka hapa Wete, mbali kiasi gani?"

Kilomita elfu kumi na mbili na ushei.
Akanitazama kama nimemtajia bei ya samaki wa jana.
"Nambie kwa Chake."
Nikagawa. Wete na Chake, kwenda tu bila kurudi,
mara mia nne.
Akavuta kiti. "Na mie hiyo moja tu hunitapisha."

Mwaka wa tisa huu nauza tiketi,
na ndege naijua kwa tumbo lake, ikipita juu ya bati.
Nikamwandikia nyuma ya risiti:
Toronto mpaka Adisi, saa kumi na tatu.
Kukaa Adisi, nne.
Adisi mpaka Unguja, tatu kasoro,
kungoja hapo, kisha kidege cha watu kumi na wawili,
kisha Chake, kisha gari.
"Usiniwekee kumi na nne na thelathini na tano,
saa ya nani hiyo? Jua letu halifiki kumi na nne."
Nikafuta. Saa nane u nusu na dakika tano.

Nikamweleza: kwetu ikiwa Ijumaa alfajiri
kwao ingali Alhamisi, usiku mbichi.
Akacheka peke yake.
"Ndo maana. Miaka kumi na mmoja namuuliza Zuwena, lini?
hunijibu, bado, mama.
Kumbe kweli. Kwake bado."

Hakutaka tiketi. Tiketi mtoto kaikata mwenyewe huko.
Alitaka kujua lini aloweke mchele,
maana mkate wa kumimina hauharakishwi.
Tukahesabu, yeye kwa tasbihi, mie kwa kikokotoo:
aloweke Zuwena akipaa,
asage na nazi na iliki Zuwena akisinzia Adisi,
auache uumuke Zuwena akiwa Unguja na mizigo yake,
amimine kidege kikigusa lami.

Siku yenyewe ndege ikakwama Adisi.
Saa sita zaidi, na habari zikatufikia zimechelewa nazo.
Simu ikalia.
"Mwambie rubani unga umefika ukingoni."
Rubani hanijui, Bi Mize.
"Basi umeshamwagika. Unateremka sakafuni
kama mtu anayeijua njia."

Nikatafuta pole ya kumpa.
Nikasikia kifuniko cha pipa, kisha pishi ikichota,
kisha mchele ukianguka ndani ya maji.
"Alipo sasa," kasema, "ni Chake ngapi?"
Nikagawa.
Hamsini na kitu.
"Hizo," kasema, "hata mie ningezitapika
nikafika."