Salamu ya Kushoto

Nashona kofia za viua, Wete, upande wa Limbani,
kwenye mlango wa nyuma unaoingiza mwanga.
Miaka ishirini na saba napima vichwa vya watu:
cha bwana harusi, cha imamu,
cha yule karani wa bandari mwenye kichwa kama fenesi,
kofia yake hula uzi wa watu wawili.
Changu sikukipima.
Changu nilikifunga ushungi, pini mbili, basi.

Mwanzo ukingo wa paji ulirudi nyuma
kama maji ya kupwa: hayaagi.
Kisha njia ya chanuo ikapanuka.
Nikasugua habasoda, nikasugua kitunguu
mpaka ngozi ikawaka moto,
na Salhiya, mtoto wa kaka, akanishushia kutoka Unguja
chupa ndogo yenye mrija.
“Shangazi, utosini, asubuhi na usiku.”

Shingo nayo ikawa na yake.
Ukiinamia viua toka jua kuchomoza
msuli hukaza kama kamba ya ndoo kisimani.
Jumanne, mwisho wa sala ya adhuhuri,
nilitoa salamu ya kulia.
Ya kushoto ikabaki deni.

Daktari akaniandikia vidonge vya kulegeza misuli.
“Kuna dawa nyengine unatumia?”
Hakuna, nikasema.
Ile ya kichwani si dawa, ni siri;
na kijana mwenyewe kofia aliyovaa
niliishona mie.

Usiku ule: kidonge, kisha matone,
juu ya ngozi iliyochubuka.
Kabla ya adhana niliinuka upesi, kama mazoea,
na sakafu ikaja kunipokea.
Nikaangukia furushi la kofia za Maulidi,
thelathini, zina wanga bado,
moyo unatwanga masikioni.

Raya Hamad wa duka la dawa hakunicheka.
Akanipima presha, akanyamaza, akapima tena.
“Bi Mize, niwekee zote mezani.
Na hiyo ya ndani ya mkoba.”
Nikaitoa kama mwizi anayerudisha kuku.
“Una mimba?”
Hamsini na mbili mie! Nilicheka mpaka shingo ikanikoma.
“Lazima niulize,” akasema, naye anacheka.

Kisha taratibu, kama anayefumua uzi:
kidonge hiki hulegeza shingo
lakini hakijui shingo inaishia wapi;
kinaweza kushusha na presha.
Matone haya nayo, asili yake ni dawa ya presha,
watu wakaota nywele wasikozitaka, ndipo yakapandishwa kichwani.
Juu ya ngozi nzima huingia kidogo tu.
“Wewe umeichuna kwa kitunguu.
Umeyafungulia mlango.”

Akampigia daktari mbele yangu.
(Nilitamani ile sakafu ije tena.)
Wakakubaliana: matone yangoje ngozi ipone,
kidonge kiwe nusu, usiku, siku chache,
na nirudi kupimwa kabla ya kuviunganisha tena.
Kitunguu kirudi jikoni.
Na kuamka: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda,
usikurupuke, hesabu.

Basi nahesabu viua.
Kiua kimoja, viwili, gizani, hewani,
mpaka Khatibu akageuka: “Unahesabu nini saa hizi?”
Nikavua ushungi, nikamweleza yote,
mrija, kitunguu, karibu mwaka mzima wa pini mbili.
Akakaa kimya. Akasema:
“Najua. Nikidhani wewe ndiye hujui.”

Wiki tatu sasa. Ngozi imefunga,
Raya amenipima mara mbili, ameniruhusu matone, kipimo kile kile, si zaidi.
Vidonge vimekwisha.
Adhuhuri ya leo nimegeuka kulia,
nimegeuka kushoto, polepole,
mpaka nikauona ukuta.

Nywele bado.
Nimeambiwa miezi minne, na hata hapo si ahadi.
Karani wa bandari anangoja kofia yake.